Ana roho ngumu, au anaumia kimya kimya?

*Shangazi, shikamoo. Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Nilimwacha kwa mama yangu Ukerewe akiwa na mwaka mmoja na nusu, nikamchukua alipofikisha miaka 11. Mwezi uliopita nililazwa siku nne. Niliporudi, mdogo wake alinirukia shingoni huku analia. Yeye alinipokea mkoba, akaniamkia, akarudi kwenye hesabu zake. Iliniuma, nikamwambia mbele ya majirani, "Wewe una roho ngumu kama jiwe." Hakujibu kitu. Siku hizi tumbo linamsumbua, zahanati wamepima hawaoni kitu, na usiku hapati usingizi. Bibi yake alifariki mwaka jana, hatukumpeleka msibani kwa sababu alikuwa na mitihani. Nimekosea wapi?*
*Mama wa Igoma*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuugua.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama pale kwenye mkoba. Kijana yuko katikati ya hesabu, anasikia mama kafika, anaacha kalamu, anatoka kukupokea mzigo kabla hujamwita. Mwenye roho ngumu haachi kalamu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, akawa anazitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala kuangalia watoto wachanga na mama zao: nani analia mama akitoka, nani anatulia akirudi. Baadaye, akiwa Marekani, aliona kuna watoto ambao mama akitoka hawalii, na akirudi wanageuza uso na kuendelea na vitu vyao vya kuchezea. Ungedhani hawana habari naye. Miaka ya 1970 watafiti Alan Sroufe na Everett Waters walipima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, wakakuta moyo unakwenda mbio. Uso umetulia, kifua kinadunda.

Siwezi kumpa mwanao jina la kitaalamu kwa kusoma barua. Ila mtoto aliyeona watu wake wakiondoka, akalia na wasirudi, anaweza kujifunza kuumia bila kuonyesha. Na mwili hauna siri. Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini papo hapo, halafu homoni nyingine, kotisoli, hufuata na kufika kileleni baada ya kama nusu saa. Kotisoli si sumu. Ndiyo inayotuamsha asubuhi, na usiku inatakiwa iwe imeshuka. Hofu isipoisha, mwili unabaki kwenye ulinzi, na hapo usingizi hukatika na tumbo hukaza. Kwa hiyo usimwambie kwamba anajisingizia. Akitapika, akipungua uzito au akipata choo chenye damu, mrudishe hospitali bila kusubiri.

Sasa jambo ulilolipitia kwa mstari mmoja. Huyo bibi kwako ni mama mzazi, lakini kwake alikuwa mama wa miaka tisa na nusu. Ndiye aliyemfunika shuka usiku, ndiye aliyemsubiri akitoka shule. Ulimtoa kwake akiwa na miaka 11, na alipofariki, kijana akabaki Igoma na daftari. Mlimwonea huruma kwa ajili ya mitihani, naelewa, wazazi wengi wangefanya vivyo hivyo. Lakini hajamuaga bibi yake mpaka leo. Halafu wewe nawe ukalazwa. Mwanangu, hebu fikiria zile siku nne alikuwa anawaza nini.

Wala sisemi ulimtupa. Ulimwacha kwenye mikono yenye upendo ukaenda kutafuta riziki. Hilo usijihukumu nalo.

Anza na yale maneno. Uliyasema mbele ya majirani, lakini kumwomba radhi fanya mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida, labda mnachambua mchele: "Siku ile nilikosea, nilikuona ulivyonipokea mkoba." Usingoje jibu. Kisha mwambie muda utakaorudi kutoka mwaloni, na urudi muda huo. Ukichelewa, piga simu.

Usitegemee kwamba ukimkumbatia tu atatulia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wa miaka 9 na 10 waliokaa na mzazi kabla ya kupewa jambo la kuwatia hofu, kotisoli yao ilipanda kidogo, lakini wa miaka 15 na 16 uwepo wa mzazi haukuwasaidia hivyo. Umri wake ndivyo ulivyo. Utafiti mwingine, wa 2019, uliwafuatilia watoto waliotolewa vituo vya yatima wakalelewa kwenye familia nzuri: kadiri ubalehe ulivyoendelea, miili yao ilianza kupokea mishtuko kama ya wenzao. Hujachelewa, mwanangu.

Akianza kusema maisha hayana maana, au akijiumiza, usikae naye tu nyumbani, mpeleke hospitali. Bugando wapo wataalamu wa afya ya akili, na namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure.

Likizo ikifika, pandeni meli ya Nansio wawili tu, mdogo wake abaki kwa ndugu. Mpeleke kaburini kwa bibi yake, kisha usogee pembeni kidogo umwache. Akinyamaza njia nzima ya kurudi, kaa karibu naye, usimuulize.