Masikio ya bolti: kabla hujashika dawa ya kusagia

Mkuu, umesema sikio moja la bolti yako (bolti ni kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, masikio ni vinundu vyake viwili vinavyojifunga ndani ya mwili wa bunduki) limeng'aa na la pili bado lina rangi ya kiwandani, ukauliza kama ukiyasaga yakae sawa bunduki italenga vizuri zaidi. Nimeifanya kazi hiyo kwa bunduki tatu. Ya kwanza niliiharibu.

Mng'ao peke yake unadanganya. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha toa pini ya kufyatulia na springi yake. Ukiviacha ndani, triga inapoishikilia pini, mkia wa bolti unainuka na sikio la juu linaachia hata kama lilichongwa sawasawa. Paka wino wa maka (kalamu nene) nyuma ya masikio yote mawili, funga bolti huku ukiivuta kwa nyuma, fungua na kufunga mara kumi, halafu tazama wapi wino umefutika. Ukifutika zaidi ya nusu kila upande, mimi siigusi.

Usipofutika, basi saga, ila mtutu utoke kwanza. Mahali pake hufungwa kifaa chenye springi kinachoisukuma bolti nyuma, masikio yagandamane na ukuta wa ndani ya mwili wa bunduki yanapojifungia. Nyuma ya masikio tu, paka dawa laini ya kusagia (grisi yenye chembe ngumu) ya namba 600 kiasi cha punje ya mchele, kisha pandisha na kushusha mkono wa bolti bila kuifungua kabisa. Mikupuo ishirini, futa, paka maka upya, angalia. Mguso ukifika kama asilimia 80 naacha.

Kwenye ile bunduki ya kwanza sikuacha. Nilitaka asilimia 100, tena kwa dawa nzito ile ya mafundi magari ya kusagia valvu. Raha yake ni kwamba inakula haraka! Niliporudisha mtutu nikaweka geji (kipande cha chuma cha kupimia chemba, pale risasi inapokaa) ambayo bolti haitakiwi kuifungia, bolti ikafunga taratibu kama mlango wa kabati. Kwa risasi ya .308 Winchester, tofauti ya geji inayotakiwa kufunga na isiyotakiwa ni inchi 0.004, yaani takribani milimita 0.1. Kila unachokitoa kwenye masikio kinaingia humo humo: bolti inakaa nyuma zaidi, ganda linapata nafasi ya kunyooka risasi inapolipuka, na likirudiwa kujazwa linaweza kukatika karibu na kitako. Fundi bunduki alilazimika kukata kitako cha mtutu na kuchonga chemba upya. Kwa hiyo pima kwa geji kabla na baada, hata kama umesaga kidogo.

Kama bunduki yako ni Mauser 98 ya zamani, weka dawa chini. Chuma chake kimekomazwa juu juu tu. Ukilivuka gamba hilo unafika kwenye chuma laini, na masikio yataendelea kujichimbia kila unapopiga.

Ukimaliza, osha kwa kiyeyushi na mswaki mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu dawa iliyobaki inaendelea kusaga. Halafu paka grisi nyuma ya masikio.

Kuhusu shabaha: bunduki ya pili ilibana matundu kidogo, yaani risasi zilipiga karibu karibu zaidi. Ya tatu haikubadilika hata chembe, mpaka nilipokaza skrubu za kitako cha mbao zilizokuwa zimelegea. Wewe zako umezikagua? Zianze hizo, kisha weka hapa picha ya wino ulivyofutika.