Kwa unayeanza kuwafanyisha mazoezi wazee wenye demensia (ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri)

Wiki yangu ya kwanza ya kutembelea wagonjwa nyumbani, nilimweleza bibi mmoja namna ya kuinuka kwenye kiti: rudisha miguu nyuma kidogo, inama mbele, sukuma. Akanitazama kwa upole, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Mkwe wake, aliyekuwa pembeni anachambua mchele, akasema tu, "Mama, njoo unishikie ungo." Bibi akainuka, akaenda, akashika ungo. Mimi nikabaki na karatasi yangu ya maelekezo.

Kwa hiyo usianze na misuli. Anza kwa kuuliza familia: mwezi huu ni kitu gani kimeanza kumshinda? Mara nyingi jibu ni choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na mzee aliyepoteza nguvu za mapaja anashuka vizuri tu. Kuinuka ndiyo kazi. Basi fanyia kazi hicho. Weka mto juu ya kiti cha plastiki, akae na kuinuka mara nane, apumzike, arudie. Akizoea, toa mto. Baadaye leta stuli, kisha kigoda, kama magoti yanaruhusu. Mara mbili za mwisho ziwe nzito kweli. Akifika ya nane huku anakusimulia habari za shambani bila kuhema, umempa kazi nyepesi.

Uzito usikusumbue. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kila nyumba ina dumu. Mpe la lita tatu alitoe bombani alifikishe jikoni. Hiyo anaielewa bila kuelezwa, wakati kunyanyua chuma hewani mara kumi anaweza kukuona wewe ndiye umechanganyikiwa.

Maneno yawe machache. Kaa mbele yake, fanya naye, sema "juu", basi. Kiti kilekile, saa ileile. Shikamoo itolewe upya hata kama ulimwamkia dakika kumi zilizopita, na usimuulize "unanikumbuka?" Huo ni mtihani, na anajua kwamba ameufeli.

Usimvute mkono, bega la mzee ni rahisi kuumia. Mfunge kanga iliyokunjwa kiunoni, upate pa kushika, na usimame upande wake dhaifu.

Sasa habari ya ahadi, maana watoto wa mgonjwa watakuuliza kama kumbukumbu itarudi. Sema ukweli. Uingereza waliwafuatilia watu 494 wenye demensia ya kiwango kidogo na cha kati, matokeo yakachapishwa 2018. Miezi minne ya baiskeli ya mazoezi na kunyanyua uzito iliwapa miili imara zaidi, lakini baada ya mwaka kumbukumbu na uwezo wa kufikiri vilikuwa chini kidogo kuliko kwa wasiofanya, na shughuli za kila siku hazikupata nafuu. Ufini, katika utafiti wa 2013 wa wagonjwa 210 wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, waliofuatwa nyumbani mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima waliendelea kudhoofu, ila polepole kuliko wenzao, na walianguka mara chache zaidi. Mimi tafiti hizo mbili zimenifanya nipende zaidi kazi ya nyumbani, kwenye kiti chake na mlango wake, na nisiwaahidi watu kwamba "miezi mitatu tu" atapona.

Adui wako mkubwa atakuwa upendo. Binti anamvalisha baba kwa sababu akijivalisha mwenyewe anachukua dakika ishirini. Mwombe amwachie walau vifungo vya shati. Ulichojenga Jumanne kwa kiti kinabomolewa siku sita zinazobaki na mikono yenye huruma.

Kwenye daftari andika "ametoka chooni bila kushikwa", si idadi ya seti (mizunguko ya zoezi) peke yake. Daftari hilo litakusaidia siku atakapobadilika ghafla. Demensia kwa kawaida hushusha mtu taratibu. Aliyeinuka vizuri Jumanne, kisha Alhamisi hawezi kabisa, mpeleke apimwe kwanza. Mara mbili nimeambiwa "ugonjwa umezidi", kumbe mmoja alikuwa na malaria, na mwingine alikuwa na siku tano hajapata choo.