Barua kwa mwanangu: kikompyuta cha mstari mmoja

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeirudia. Unasema umeanza kuwafundisha watoto wa miaka tisa na kumi kuandika programu, na ulipokuwa ukipanga somo la kwanza ukakumbuka kile kikompyuta changu cha kuchezea ulichowahi kukifukua sandukuni ulipokuwa mdogo. Ukaniuliza mambo mawili: kitu chenye kioo cha mstari mmoja kiliwezaje kunifundisha programu, na je, enzi zile zina lolote la kuwapa watoto walioshika simu kabla ya kushika penseli? Swali la kwanza nitalijibu kwa kirefu, maana ndimo mlimo na uhondo. La pili utaona linajijibu njiani.

Kwa nje kilitaka kufanana na kompyuta ya watu wazima. Kilikuwa na kibodi kamili, vitufe vya plastiki vilivyobofyeka kwa sauti, na juu yake kijioo chembamba cha kijivu. Kilikuwa cha rika moja na PreComputer 1000, ambayo kampuni ya VTech ya Hong Kong iliitoa mwaka 1988. Kijioo cha mashine hizo kilionyesha mstari mmoja wa herufi 20, basi. Hakukuwa na picha, rangi wala kipanya.

Kazi kubwa ya vikompyuta hivyo ilikuwa kuuliza. Mji mkuu wa nchi fulani ni upi? Saba mara nane ni ngapi? Herufi hizi zilizovurugwa zinaunda neno gani? Ukipatia kinalia kwa furaha, ukikosa kinakung'urumia. Kampuni ya Texas Instruments ilishatangulia kwenye njia hiyo mwaka 1978 na Speak & Spell, iliyotamka neno kwa sauti iliyoundwa ndani ya chipu moja, kisha ikamtaka mtoto aliandike herufi moja moja. Kwa wakati wake ilikuwa ajabu kubwa, na siibezi hata kidogo. Ila tazama nani anauliza na nani anajibu. Mtoto anahojiwa, mashine inatoa alama.

Nami nilihojiwa kwa raha zangu mpaka maswali yakaanza kujirudia. Nilipoyachoka ndipo nikafungua sehemu ya mwisho ya kijitabu cha maelekezo, ile ambayo wengi waliiruka, iliyohusu BASIC, lugha ya kuandikia programu.

BASIC ilikuwa tayari na umri wa kutosha. Waliibuni John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wa hisabati katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, na programu za kwanza zilizoandikwa kwa lugha hiyo ziliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964. Walitaka hata mwanafunzi wa fasihi au historia aweze kukaa mbele ya kompyuta na kuiamuru, wakati ambapo kompyuta zilikuwa za wanasayansi na wahandisi. Nadhani hakuna uamuzi wa kiufundi wa karne ile ulionifaa mimi binafsi kuliko huo. Lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya wasio wataalamu ilikuwa nyepesi kiasi cha kuingia ndani ya mashine ya kuchezea, na ikamfikia mtoto ambaye hakuna mtu aliyemkusudia.

Amri ya kwanza niliyoandika ilikuwa PRINT ikifuatwa na jina langu ndani ya alama za nukuu. Nikabonyeza kitufe, jina likatokea. Hilo peke yake halikunishtua sana, maana ukibonyeza vitufe unatarajia kuona herufi. Kilichonishika ni hatua iliyofuata. Ukitanguliza namba mbele ya amri, mashine haiitekelezi papo hapo. Inaiweka na kungoja. Unaandika nyingine, inaiweka. Ukiandika RUN, zote zinatekelezwa kwa mpangilio wa namba zake. Yaani nilikuwa nimepanga jambo ambalo lingetokea baadaye, nikiwa nimeondoa mkono.

Mchezo wangu wa kwanza wa maana ulikuwa huu. Nakuandikia wote, kwa sababu nauona kama nilivyouandika daftarini:

10 PRINT "FICHA NAMBA"
20 INPUT N
30 PRINT "KISIA"
40 INPUT G
50 IF G=N THEN GOTO 90
60 IF G<N THEN PRINT "PANDA"
70 IF G>N THEN PRINT "SHUKA"
80 GOTO 30
90 PRINT "UMEPATA!"

INPUT inangoja mtu aandike namba, IF na THEN ni "ikiwa" na "basi", na GOTO inaruka kwenda mstari uliotajwa. Mmoja anaficha namba kati ya 1 na 100, anampa mwenzake mashine, mwenzake anakisia. Hapo kijioo cha mstari mmoja kilinifaa kweli: namba ya siri ilifutika yenyewe mara tu maneno mapya yalipotokea. Lakini kasoro ileile ilileta shida upande wa pili. PANDA na SHUKA nayo yalifutwa na KISIA kabla jicho halijayasoma. Dawa yake ilikuwa kuipa mashine kazi isiyo na matunda ili icheleweshwe, yaani ihesabu kimyakimya kutoka 1 hadi 300 kabla ya kuendelea:

75 FOR I=1 TO 300
76 NEXT I

Sasa utaelewa kwa nini mistari ilihesabiwa kwa makumi. Tulikuwa tunaacha nafasi. Anayeandika programu anajua kabla hajaanza kwamba kuna jambo atalikumbuka baadaye, na 75 ilikuwa inangoja hapo katikati ya 70 na 80. Watoto wako wanaotumia vihariri vya leo hawana haja ya namba hizo, ila tabia ya kuacha nafasi ya wazo ambalo bado halijaja ningependa waipate.

Nikamkabidhi mjomba wako mashine. Alikuwa mdogo kwangu, na hakujua kwamba ule mchezo haukutoka kiwandani. Kijioo kikamwambia KISIA, akakisia. Kikamwambia PANDA, akapanda. Nilisimama nyuma yake nikisoma maneno yangu mwenyewe yakimwamuru mtu mwingine kupitia mashine, na yeye akiyatii bila kunitazama. Mwanangu, mpaka leo nimeandika programu nyingi zinazofanya kazi kubwa kuliko ile, lakini nguvu yake niliijua pale. Swali lilikuwa limehamia upande wangu.

Naye hakukaa bure. Baada ya raundi chache akaacha kukisia ovyo na kuanza na 50 kila mara. Akiambiwa ashuke anakwenda 25, akiambiwa apande anakwenda 75, kila mara akikata katikati ya kilichobaki. Kwa njia hiyo namba yoyote kati ya 1 na 100 inapatikana kwa makisio yasiyozidi 7, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara saba inafika 128. Hatukujua kwamba wanahesabu wana jina la mbinu hiyo na kwamba ndiyo inayotumika kutafutia kitu ndani ya orodha ndefu iliyopangwa. Tulichojua ni kwamba mchezo umekuwa rahisi mno kwake, na kwamba nilitaka kumhesabia makisio. Nikaongeza 25 LET T=0 na 45 LET T=T+1, na mstari wa 90 nikaufanya utaje T.

Hapo kwenye T=T+1 usipite haraka na wanafunzi wako. Kaa hapo. Mtoto aliyefundishwa hesabu vizuri ataona mstari huo na kusema ni uongo, hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiiongezea moja. Yuko sahihi kabisa, mpongeze. Darasani alama ile inasema pande mbili ziko sawa sasa hivi. Kwenye programu inaamuru: chukua thamani ya T, ongeza moja, jibu lirudishe kwenye T. Kuna kabla na kuna baada. Mimi nilikwama hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na nilipovuka niliona kwamba programu ni kitu kinachoishi ndani ya muda, wakati mlinganyo wa hisabati umesimama tuli. Mtoto akilipata hilo mapema, mengi yaliyobaki ni mazoezi.

Pengine utauliza pia kama udogo wa mashine haukunikera. Ulinikera, na ulinifunza. Kwa kuwa mstari mmoja tu ndio ulioonekana, huwezi kuitazama programu yako yote kwa pamoja. Ukiandika LIST unaupitia mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo programu niliiandika kwanza daftarini kwa penseli, nikaitembeza kichwani mstari kwa mstari, pembeni nikiandika N ni ngapi sasa, G ni ngapi sasa, T imefika wapi. Nilipofika kwenye kibodi nilikuwa nimeshakuwa kompyuta mimi mwenyewe. Hakukuwa na anasa ya kujaribujaribu tu mpaka itii. Siku hizi nikiwaona vijana wakibadilisha hiki na kile bila kusoma walichoandika, natamani niwape penseli.

Na huo ulikuwa udogo wa enzi nzima, haukuwa wa vya kuchezea peke yake. Sinclair ZX81, kompyuta halali iliyotoka Uingereza mwaka 1981, iliuzwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1. Hizo ni baiti 1,024, na baiti moja hubeba herufi moja, ambazo hata ukurasa wa kwanza wa barua hii zisingeumaliza. Waliokuwa nazo walihifadhi programu zao kwenye kanda za kaseti, maana ukizima umeme kila kitu kinapotea. Lakini mashine ndogo kiasi hicho inaenea yote kichwani mwa mtoto. Kijitabu kimoja kinaeleza amri zote, na ukikimaliza hakuna kilichofichwa tena. Sijui kama kuna mtu mmoja duniani anayeijua simu yako hivyo.

Rafiki yangu mmoja hakuwa na kibodi. Alikuwa na Big Trak, gari la magurudumu sita lililotolewa na kampuni ya Milton Bradley mwaka 1979, lenye vitufe mgongoni. Unalipa amri zisizozidi 16, kisha unalituma liende. Mwendo ulipimwa kwa urefu wa gari lenyewe, na kugeuka kulipimwa kama mkono wa dakika: 15 ni robo ya mzunguko, 30 linatazama lilikotoka. Tulilipeleka chini ya kiti, likazunguka mguu wa meza na kurudi. Kwa mtoto anayewaza kwa mwili kuliko kwa maneno, sidhani kama kuna kilichowahi kulizidi. Wazo lenyewe lilikuwa na wazazi wake. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walianzisha lugha ya Logo, na baadaye mtoto akawa anamwongoza kwa amri zake kobe wa roboti anayechora sakafuni au kobe mdogo kwenye skrini. Papert alishikilia kwamba kompyuta isitumike kumpanga mtoto, mtoto ndiye aipange kompyuta. Niliyasoma hayo nikiwa mtu mzima, nikamwona mjomba wako akipanda na kushuka kwa amri zangu.

Basi, kuhusu wanafunzi wako. Usihangaike kutafuta vikompyuta vya zamani. Betri zilizosahaulika ndani yake huvuja na kula vishikio, na vioo hufifia. Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni mjukuu wa Logo na haina gharama. Ukipata micro:bit, zile bodi ndogo ambazo wanafunzi wa Uingereza walianza kugawiwa mwaka 2016, chukua bila kusita. Ina taa 25 tu, tano kwa tano, na udogo huo utawafanyia watoto wako kazi ileile ambayo kijioo changu kilinifanyia.

Ila nina ombi moja na ninalisisitiza. Programu nyingi za kujifunzia zilizojaa kwenye tableti ni yale mahojiano ya zamani yaliyovikwa rangi. Mtoto anagusa jibu, nyota zinaruka, anasonga mbele. Yatumie kwa kiasi unachoona kinafaa, lakini wiki ya kwanza isiishe kabla kila mtoto hajaandika swali lake mwenyewe, mwenzake akalijibu kupitia mashine, yeye akiwa amesimama nyuma yake. Hata liwe swali la kitoto kiasi gani. Mwingine atataka kuuliza rangi, mwingine atataka kumkasirisha dada yake. Waache.

Unaweza kuanza na mistari yangu ile tisa, ukiwageuzia kwa lugha yoyote mnayotumia. Wape wakiwa hawajaambiwa chochote kuhusu kukata katikati, uone nani ataligundua. Kisha waambie wabadilishe chochote wanachotaka, na uniandikie walianza kubadilisha mstari upi.

Mama yako