Maji ya bomba yakitoka machafu, usiende kulalamika mikono mitupu

Jana nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Goba: "Dada, maji yetu yananuka mtaro, na nikienda ofisi ya maji naambiwa nichemshe. Nyie mlifanyaje?"

Nimeusoma mara tatu. Hata mimi niliambiwa nichemshe. Nilikuwa nimetoka wodini, mwanangu wa pili amelazwa siku ya nne kwa homa ya matumbo, na yule kijana wa dirishani hakuinua hata kichwa. Sijasahau.

Kuchemsha nilikuwa nachemsha. Lakini mtoto alipigia mswaki maji ya bomba, na nyanya za kachumbari niliziosha kwa hayohayo.

Huku kwetu Kimara, Dar es Salaam, maji yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, na hayaji kila siku. Yakifunguliwa usiku tunaamka kujaza simtanki na madumu. Masika ilipoanza, maji ya mwanzo yakawa yanatoka kama chai ya rangi. Baada ya nusu saa yanatakata, basi tukayazoea. Tulikosea sana. Maji yakikatwa, presha ndani ya bomba inashuka, na penye ufa bomba linanyonya kilichoko nje. La kwetu lilipita ndani ya mtaro ambao watu wa juu hutapishia vyoo mvua ikinyesha. Maji yanaweza kutoka mtamboni safi kabisa, yakachafukia mlangoni kwako.

Nilienda ofisini mara tatu peke yangu. Hakuna kilichofanyika.

Mara ya nne tulikwenda kaya kumi na moja. Wiki mbili nzima kila nyumba ilikinga maji ya kwanza kwenye chupa nyeupe, ikabandika karatasi yenye tarehe na saa. Tulizipanga mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akatuandikia barua. Tukachanga pia tukapeleka sampuli maabara. Chupa ya kupimia vijidudu wanakupa wao, imeshatakaswa, na sampuli unaiweka kwenye barafu na kuifikisha siku hiyohiyo. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Ya kwetu walikuwamo.

Barua ikapokelewa, nakala yetu ikagongwa muhuri. Tuliandika wazi kwamba tusipojibiwa tunakwenda EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, maana utaratibu ndio huo: unaanza kwa anayekuuzia maji, usiporidhika unapanda kwa mdhibiti. Siku ya tisa mafundi walifika. Nilisimama palepale wakifukua, nikauona ufa, kidole kinaingia. Bomba limehamishwa kutoka mtaroni, na wiki hii maji ya kwanza yametoka meupe. Nimejivunia mtaa wangu.

Kwa hiyo mama wa Goba, usiende peke yako. Kusanya majirani, andika tarehe, dai muhuri kwenye nakala yako. Nasema tena, tarehe na muhuri. Na wanawake wenzangu, tuache kupokea maji machafu kama mapenzi ya Mungu wakati bili tunalipa kila mwezi. Anayeuguza ni wewe, anayelala kwenye benchi la hospitali ni wewe, halafu unaona aibu kugonga mlango wa ofisi?

Leo maji yakifunguliwa, kinga chupa kabla hujakinga ndoo. Ukishapata majirani watatu, niandikie, nitakutumia barua yetu uone tulivyoipanga.