Kabla hujamaliza bando ukitafuta draiva ya kibodi

Mama mmoja mwenye steshenari pale Kabwe alinipigia saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayofanya vidole vigome hata kushika bisibisi. Nilimwamkia, hata kuitikia hakumaliza vizuri. "Fundi, kibodi imekufa. Huyu kijana ameshadaunilodi draiva tatu, wapi! Na watu wamejaa mlangoni." Nikamuuliza, waya wake una kichwa cha USB au cha duara? "Cha duara mwanangu, kile cha zambarau." Nikamwambia wasidaunilodi kitu kingine, nakuja.

Nilipofika nilizima mashine, nikachomoa waya na kuupeleka dirishani kwenye mwanga. Kichwa hicho kina pini sita nyembamba na kipande bapa cha plastiki katikati cha kuongoza. Pini moja ilikuwa imelala chali. Kijana aliuchomeka kwa kupapasa nyuma ya meza, ulipogoma akaongeza nguvu. Nikaomba sindano ya kushonea, nikainyanyua ile pini taratibu, nikarudisha waya, nikawasha. Taa ya Num Lock ikawaka. "Ndaga fijo," mama akashukuru kwa Kinyakyusa, akaagiza chai.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kibodi na mausi nyingi za zamani ninazoletewa hapa Mwanjelwa zinakuja na maneno yaleyale: haina draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Draiva ipo. Kibodi ya kawaida na mausi ya kawaida, iwe ya USB au ya tundu la duara, draiva yake imo ndani ya Windows tangu siku ulipopiga windo, yaani ulipoiweka Windows kwenye mashine. Hata ile CD ndogo iliyokuja kwenye boksi huwa ni ya vitufe vya ziada tu.

Tundu la duara linaitwa PS/2, lilianza na kompyuta za IBM za mwaka 1987. Zambarau ni la kibodi, kijani la mausi. Halikutengenezwa kwa ajili ya kuchomeka mashine ikiwa inawaka. Windows hulikagua mashine inapoanza kuwaka. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: kwenye Windows 10 ukibonyeza Shut down, mara nyingi mashine haizimi kabisa, inahifadhi hali yake ili kesho iwake haraka. Wewe bonyeza Restart. Nimeona mtu akizima na kuwasha mara nne bila mafanikio, Restart moja ikamaliza kazi.

Vile vichwa vidogo vya kugeuza PS/2 kuwa USB navyo vinasumbua. Cha bei ya chini kinaunganisha waya kwa waya tu, kwa hiyo kinafanya kazi kwa kifaa kilichotengenezwa kuzungumza lugha zote mbili. Kibodi ya PS/2 tupu inahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, ambacho kwa kawaida kina kamkia na matundu mawili, la zambarau na la kijani. Ukiuziwa kile kingine, hakuna draiva duniani itakayokuokoa.

Mimi mwenyewe nililiwa. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilitafuta draiva ya mausi mtandaoni, nikaangukia kitufe kikubwa cha kijani, nikapata programu inayojidai itasasisha draiva zote. Ilimaliza bando la wiki, ikajaza matangazo kwenye kompyuta ya mteja, kisha ikataka nilipie. Ikabidi nipige windo upya, bure, huku mteja amekaa ananitazama.

Kama kweli unahitaji draiva, mfano vitufe vya sauti havifanyi kazi, anza na kitambulisho cha kifaa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc ili kupata orodha ya vifaa, fungua kifaa chako, nenda Details, chagua Hardware Ids. Kwa kifaa cha USB utaona VID, yaani namba ya kampuni, ikifuatwa na herufi na tarakimu nne: 046D ni Logitech, 045E ni Microsoft, 413C ni Dell. Nenda kwenye tovuti ya kampuni hiyo au kwenye Microsoft Update Catalog, ghala la draiva la Microsoft mtandaoni, basi. Usishangae ukikuta kampuni usiyoijua. Kibodi nyingi za bei poa hutaja aliyetengeneza chipu, siyo jina lililo kwenye boksi.

Kuna sehemu moja draiva inakosekana kweli: ukipiga Windows 7 kwenye mashine yenye USB 3.0. Kibodi na mausi vinazima katikati ya kazi kwa sababu Windows 7 haikuja na draiva ya matundu hayo. Jaribu kuhamishia kwenye matundu ya USB 2.0, mara nyingi meusi, siyo ya bluu. Kama mashine ina PS/2, hapo ndipo kile kibodi chako cha kizee kinapokuwa mfalme.

Na ikitokea kibodi imegoma kabisa na Windows 10 inadai nenosiri, angalia kona ya chini kulia ya skrini, kuna alama ya Ease of Access. Ifungue kwa mausi, chagua On-Screen Keyboard, andika nenosiri kwa kubofya herufi moja moja. Yule mama wa Kabwe alipoiona alimgeukia kijana wake, akamuuliza kwa nini hakumwambia kabla hajaanza kumaliza bando.