Siku ya uasi, lipimeni neno kabla ya kulisema hewani

Wanangu mnaoanza kazi ya habari, ipo siku mtaingia zamu huku askari wa nchi fulani wamewageuzia bunduki wakubwa wao, na mtatakiwa mseme hewani jambo ambalo hata waliomo ndani yake hawajui litaishia wapi. Mimi siku hiyo ilinikuta Jumamosi ya tarehe 24 Juni 2023, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, nikiwa mhariri wa zamu katika redio moja hapa Mjini, Unguja. Usiku wake Yevgeny Prigozhin, mkuu wa wapiganaji wa kukodiwa wa Wagner, alikuwa ametoa sauti kupitia Telegram akiituhumu Wizara ya Ulinzi ya Urusi kwamba imezishambulia kambi za watu wake. Ilipokucha, wapiganaji hao walikuwa wamekwishayatia mkononi makao makuu ya jeshi la kanda ya kusini mjini Rostov-on-Don, na msafara mwengine ulikuwa njiani kuelekea Moscow.

Ubishi wetu wa kwanza ulikuwa wa neno, kwa sababu kijana mmoja alikuwa ameandika “mapinduzi Urusi”. Hapa kwetu neno hilo lina tarehe yake, 12 Januari 1964, na msikilizaji wa Zanzibar akilisikia huelewa kwamba serikali imeondoka na nyengine imekaa. Wakati ule Rais Putin alikuwa bado madarakani, na Prigozhin mwenyewe alisema anataka akabidhiwe Waziri wa Ulinzi Sergei Shoigu na mkuu wa majeshi Valery Gerasimov. Nilifuta, nikaandika “uasi wa wapiganaji wa Wagner”. Putin alipohutubia asubuhi ile na kuuita uasi huo usaliti, tulilitaja neno hilo kuwa ni lake, kwani mtangazaji akilisema bila ya kumtaja mwenyewe, huwa amekwishachagua upande.

Kosa letu lilikuja mchana. Bohari ya mafuta ilikuwa inawaka katika mji wa Voronezh, huko huko Urusi, nasi kwa haraka tukasoma kwamba “Voronezh inateketea”. Haukupita muda simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Makunduchi ambaye mtoto wake anasoma huko, kama walivyosoma huko vijana wengi wa Afrika kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nyembamba, kisha akaniuliza: “Mwanangu, unaowaka ni mji mzima au ni nyumba gani?” Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa sentensi yetu yenyewe haikulijua jibu. Nilipoirudia taarifa ya asili nikaona imetaja bohari moja, na mkuu wa mkoa alikuwa amesema wazimamoto zaidi ya 100 wanaushughulikia moto huo. Nilimpigia mama yule nikamsomea neno kwa neno, kisha tukasahihisha hewani bila ya kungoja taarifa ya saa nyengine. Tangu hapo kila ninapoandika jina la mji hujiuliza ni mtaa gani, ni jengo gani, na nani ameliona, na ninakuombeni sana nanyi mfanye hivyo, kwa sababu masikio yanayotusikiliza yana watoto katika miji hiyo.

Jambo jengine ni watu wa mitaani. Video za Rostov ziliwaonesha wakaazi wakipiga picha kando ya vifaru, wengine wakiwapa wapiganaji chakula, na usiku walipokuwa wakiondoka baadhi ya watu waliwashangilia. Wachambuzi wengi walirukia kusema kwamba wananchi wameunga mkono uasi. Mimi sikukubali, na hadi leo sikubali, kwa sababu kamera humwona aliyetoka barabarani tu, na aliyejifungia ndani na wanawe haonekani. Semeni watu wameonekana wakifanya nini, wapi na lini. Yaliyomo nyoyoni mwao yangojeeni mpaka wayaseme wenyewe.

Tarehe nazo hudanganya. Askari wa Tanganyika walipoasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20 Januari 1964, zilikuwa zimepita siku nane tu tangu Mapinduzi ya Zanzibar, na wapo waliosema hiyo ni njama moja. Madai ya askari wale yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere hakusikika redioni hadi siku ya pili yake, na katika ukimya kama huo uvumi hupata mwanya wa kutembea nyumba kwa nyumba. Kwa hivyo kiongozi asipoonekana, tangazeni kwamba hajaonekana tangu saa fulani, wala msiongeze “amekimbia”.

Jumamosi ile, baada ya sala ya Isha, zilifika habari kwamba Rais Alexander Lukashenko wa Belarus amesuluhisha na Prigozhin anawarudisha watu wake. Tulikuwa tumekwishaandaa kipindi kirefu cha kujadili nani atatawala Moscow. Tulikiweka kando, na taarifa yetu ya saa tatu usiku ikawa na mistari minne: nani amesema, amesema nini, saa ngapi, na kwamba masharti ya mapatano hayo hatujayaona.