Dayo geji ya 0.001 hainyooshi kerezo

SWALI: Nina kerezo la mtumba, ile mashine inayozungusha chuma kikachongwa duara, mita moja kati ya senta na senta (zile ncha mbili zinazoshika kazi), hapa Morogoro. Nachonga shafti za pampu na za mashine za kusaga. Shafti ya kipenyo cha milimita 30 na urefu wa 300, nikiiweka kati ya senta mbili, inatoka na tepa, yaani upande mmoja mnene kuliko mwingine. Nikipima sehemu mbili zilizoachana milimita 250 napata 30.00 upande wa kichwa na 30.08 upande wa kichwa cha nyuma. Halafu nikishika fito ya duara kwenye chaku ya taya tatu, kile kishikio cha mbele, na kuigusisha dayo geji, saa ya kupimia msogeo, mshale unacheza milimita 0.12. Muuzaji wa vifaa anasema spindeli, mhimili unaozungusha chaku, imekwisha, na kwamba dayo geji yangu ya 0.01 ni ya kubabaishia. Anataka ninunue ya dijitali ya 0.001, pamoja na leza ya kupachika kwenye chaku, ndipo niweze kuinyoosha mashine. Je, ninunue? Na kichwa cha nyuma nikisogeze kiasi gani?

JIBU: Usinunue chochote kwanza, fundi mwenzangu. Dayo uliyo nayo inatosha kwa kazi yote nitakayoitaja hapa chini, isipokuwa moja, na kwa hiyo moja dijitali ya 0.001 haitakusaidia pia.

Nianze na ile 0.12, maana ndiyo iliyokutia hofu. Haihusiani na tepa yako hata kidogo. Kazi ikiwa kati ya senta mbili, chaku haishiki kitu, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa. Pia 0.12 si umbali ambao mhimili umehama. Dayo inajumlisha pande zote mbili za mzunguko, kwa hiyo fito yako imehama 0.06 tu. Kwa chaku ya taya tatu iliyokwishatumika hilo ni jambo la kila siku. Badilisha fito ya kipenyo kingine na utapata namba nyingine, kwa sababu mkunjo wa ndani unaosukuma taya haukulika sawasawa kila mahali. Ukitaka kujua hali ya spindeli, toa chaku, futa tundu la ndani la spindeli hadi kitambaa kitoke safi, kisha gusisha dayo ya mkono (aina yenye mkono mdogo unaocheza pembeni) ndani ya tundu hilo na uzungushe polepole kwa mkono. Ikicheza 0.01 au chini, spindeli ni nzima. Mchezo wa beringi unapimwa kwa njia nyingine: weka dayo juu ya spindeli, inua spindeli kwa mti mfupi kama wenzo, achia, uone mshale unarudi wapi. Muuzaji wako hakufanya hata kimoja cha hivyo. Alitazama taya tatu akatoa hukumu juu ya spindeli.

Kichwa cha nyuma sasa. Tofauti ya 0.08 ni ya kipenyo, kwa hiyo kwa upande mmoja ni 0.04. Hiyo imejitokeza katika milimita 250, na kwa shafti hii senta zako zimeachana 300, hivyo kichwa kinahitaji kusogea 0.04 mara 300 gawa kwa 250, yaani 0.048, tuseme 0.05. Mafundi wengi husogeza 0.08 yote, wakakereza tena na kupata tepa iliyogeuka, kisha wakasema mashine ina wazimu. Kwa kuwa upande wa nyuma ndio mnene, senta ya nyuma iko mbali na kisu. Isogeze ije upande wako. Hapo ndipo dayo inapofanya kazi iliyozaliwa nayo: iegemeze stendi ya sumaku kwenye kitanda, gusisha ncha kwenye ubavu wa silinda inayobeba senta, kwenye kimo cha senta, weka sifuri, legeza kichwa, zungusha skrubu za ubavuni hadi mshale usogee 0.05, kaza, halafu soma tena. Usiridhike na namba ya kabla ya kukaza. Kukaza kwenyewe husogeza kichwa, na ukipuuza hilo utakuwa umefanya kazi bure.

Lakini usifanye hayo leo. Kichwa cha nyuma ni hatua ya mwisho, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike jibu refu.

Kila wiki naulizwa swali la namna hii, na karibu kila mara chini yake kuna imani moja: kwamba chombo chenye namba nyingi baada ya nukta kinajua ukweli wa mashine kuliko fundi. Dayo haijui mashine. Inajua jambo moja tu, kwamba ncha yake imesogea kiasi gani kutoka pale ulipoiwekea sifuri. Kama kilichosogea ni shafti, au mkono wa stendi uliopinda, au sumaku iliyokaa juu ya chembe ya chuma, au wewe uliyeegemea mashine, dayo haitofautishi. Ukiweka ya 0.001 kwenye stendi inayolegea umepata namba ya uongo iliyoandikwa kwa mapambo zaidi.

Hata hiyo 0.001 yenyewe iulize kwanza ni ya nini. Dayo za inchi bado zinauzwa, na mstari wake mmoja ni 0.001 ya inchi, yaani milimita 0.0254. Nimeona dayo ya namna hiyo ikiuzwa kwa bei ya juu kwa maneno kwamba ni kali mara kumi kuliko ya 0.01 ya milimita, kumbe ni butu zaidi ya mara mbili. Dijitali ya milimita nayo inaonyesha mikroni moja, yaani milimita 0.001, kwenye kioo, lakini kosa linaloruhusiwa na mtengenezaji mara nyingi ni mikroni kadhaa; soma karatasi yake, siyo kioo.

Kisha kuna joto. Chuma hutanuka takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na vipimo vya kazi za mitambo huchukuliwa kuwa ni vya nyuzi 20. Shafti yako ya 30 ikitoka kwenye kisu ikiwa na joto la nyuzi 30 juu ya ile hali ya karakana, kipenyo chake kimeongezeka takriban 0.01. Namba ya tatu ya dijitali hapo ina maana gani? Urefu wake wa 300 nao umeongezeka 0.10, na kama senta ya nyuma umeikaza kwa nguvu, shafti haina pa kwenda ila kupinda. Legeza na ukaze upya katikati ya kazi kabla hujasema kerezo ni bovu.

Dayo ya mkono ina mtego wake pia. Inasema kweli pale tu mkono wake unapolala karibu sambamba na uso unaopimwa. Mkono ukiinuka nyuzi 30, kilichosogea kweli ni 0.87 tu ya kile unachokisoma; ukiinuka 60 ni nusu. Watu hununua dayo ya 0.002 halafu huisimamisha kama msumari ukutani.

Na leza. Hii inanitoa jasho kila nikiiona kwenye matangazo. Nukta ya mwanga yenye upana wa milimita moja au zaidi, imeshikwa na chaku ambayo wewe mwenyewe umepima inahama 0.06, inatupwa kwenye senta ya nyuma ukaikadirie kwa jicho. Kwa fundi wa mbao anayetafuta katikati ya gogo, sawa. Kwako wewe unayetafuta 0.05 ni utani. Ndugu yake ni yule fundi wa kutembea anayeleta senta mbili ncha kwa ncha, anafumba jicho moja, anasema "imekaa", na anachukua pesa yake. Ncha za senta zikigusana zinakuambia mashine haijavunjika, basi.

Wapo pia wanaofunga dayo kwenye mkono mrefu unaotoka kwenye chaku na kuizungusha kuzunguka silinda ya kichwa cha nyuma. Njia hiyo ni nzuri kwa usomaji wa mbele na nyuma. Kwa usomaji wa juu na chini inadanganya, kwa kuwa mkono wenyewe huning'inia kwa uzito wake: juu unabonyeza ncha, chini unaiachia, na kichwa cha nyuma kinaonekana kiko juu kuliko kilivyo. Kwenye mashine ya zamani, ambayo kichwa hicho kimeshuka kwa kulika, makosa hayo mawili hufutana na fundi anaondoka akiamini kila kitu kiko sawa.

Hatari kubwa kuliko zote ni yule anayelegeza bolti za kichwa cha mbele. Akikuta tepa, anatafuta spana, analegeza kichwa chenye spindeli na kuanza kukigonga kwa nyundo ya shaba huku akitazama dayo yake ya bei kubwa. Kichwa hicho kilipangwa kiwandani. Ukikiondoa mahali pake kabla hujajua kitanda kikoje, umechanganya makosa mawili ambayo hutaweza tena kuyatenganisha. Asipewe spana mtu ambaye hajaanza kwa leva, kifaa chenye povu cha kupimia mlalo.

Nikisema leva sisemi pima maji ya mwashi. Leva ya mafundi mitambo ina alama ya 0.02 kwa mita. Ukiiweka kukatiza kitanda chenye upana wa milimita 200, alama moja ni 0.004. Pima maji ya ujenzi kwa upana huohuo huona 0.1 kwa shida. Na usihangaike mashine kuwa mlalo kama meli bandarini; kerezo linaweza kuinama kidogo likachonga vizuri. Unachotafuta ni msokoto: povu lisome vilevile karibu na kichwa na kwenye mwisho wa kitanda. Kama kimo cha senta kinakaribiana na upana wa kitanda, msokoto wa 0.05 unasogeza ncha ya kisu takriban 0.05, na kipenyo kinabadilika 0.10. Hiyo inazidi tepa yako yote. Hii ndiyo ile kazi moja ambayo dayo yoyote haiiwezi.

Msokoto ukiisha, shika kwenye chaku kipande kinene, kipenyo cha 40 au 50, kikitokeza milimita 150 hadi 200, bila senta ya nyuma. Chonga pete mbili, moja karibu na chaku na moja mwishoni, ukiondoa katikati yake nyama kidogo. Kisu kikali, pitisho la mwisho la 0.1, na usiguse gurudumu la kusogeza kisu kati ya pete moja na nyingine. Pima kwa mikrometa, siyo venia (kipimio cha taya za kuteleza). Venia ya dijitali ina kosa la 0.02 au 0.03 na hapa hilo ni kubwa. Pete zikilingana, kichwa cha mbele na kitanda vinapatana, na chaku inayohama haiharibu jaribio hili, kwa sababu pete zote mbili zimezaliwa kwenye mhimili wa spindeli. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye senta mbili, upime tepa upya, na ufanye ile hesabu ya kusogeza kichwa cha nyuma. Inawezekana kabisa ile 0.08 ikawa imekuwa 0.02 kabla hujagusa skrubu yoyote.

Kuhusu pesa: leva ya 0.02 ni ghali, lakini unaihitaji mara chache, kwa hiyo tafuta chuo cha ufundi au karakana kubwa wakukodishie kwa siku moja. Weka akiba yako kwenye mikrometa nzuri ya 25 hadi 50 na stendi ya sumaku nzito isiyotikisika. Na kama kerezo lako limesimama juu ya magogo, kama mengi ya mtumba ninayoyakuta, litoe huko kwanza ulifunge kwenye sakafu ya zege kwa skrubu za kusawazishia, uchonge nalo kazi za kawaida kwa wiki mbili tatu, halafu ndipo umwite mwenye leva.